Historia ya Immakulata Niyubahwe, Mhandisi wa Kiporo

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Kibondo na ninyi mliotoka Kasulu tangu alfajiri, mimi ni Ndihokubwayo, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu, ingawa yeye angesema nasoma haraka mno.

Immakulata Niyubahwe alizaliwa tarehe 9 Agosti 1986 hapa Kibondo, mtoto wa kwanza wa Mzee Bazilio na Mama Theodosia. Baba aliingia nchi hii mwaka 1972 akiwa mtoto, akikimbia mauaji Burundi, na miezi ya mwanzo alilishwa mabaki ya sahani za watu, ndiyo maana alipopata shamba lake aliapa kwamba hakuna mtoto wake atakayekula kiporo, na kwetu bugali, ugali wetu, uliobaki jioni ulikwenda kwa nguruwe, hata mwaka wa njaa.

Dada alisoma shule ya msingi hapa Kibondo kuanzia 1994 hadi 2000, sekondari Kasulu hadi 2007, kisha Dar es Salaam, alikopata shahada ya uhandisi wa mitambo mwaka 2011. Tarehe 14 Julai 2012 alifunga ndoa Kasulu na Mwalimu Niyibizi, shemeji yetu huyu mpole, wakajaliwa watoto wawili, Ange na Reine. Mwaka 2014 walihamia Ujerumani, akapata shahada yake ya udaktari wa falsafa 2018, akaajiriwa na kiwanda cha vyombo vya anga za juu.

Kazi yake alitueleza hivi, kwamba roketi ikimaliza kusukuma, matangi hubaki na mafuta kidogo ambayo hubebwa bure, na wakati huohuo chombo kinabeba betri na mitungi ya gesi kwa kazi ndogondogo, basi yeye alitengeneza kiinjini kinachotumia masalia yale kutoa umeme na kukigeuza chombo, ili betri nyingi na mitungi viachwe chini. Katika majaribio, chombo kilipungua uzito kilo mia moja na arobaini, na huko, kila kilo ni vita.

Krismasi ya 2019 alikuja nyumbani, na mimi kwa mdomo wangu nikamwambia Baba mezani kwamba binti yake amekuwa mhandisi wa kiporo. Tulicheka wote, Dada naye, lakini Baba aliweka kijiko chini, akasema amelima maisha yake yote ili mwanawe asiguse mabaki, leo mwana ameyavukia bahari kuyasomea, akatoka nje. Tangu siku hiyo Dada alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili Baba alimpa Mama simu. Utani ulikuwa wangu, adhabu akaibeba yeye miaka mitano na zaidi, na nimeujutia.

Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, na tarehe 11 Juni akarudi, akisema anataka kuuguzwa karibu na kwao, akalazwa hospitali ya Kabanga. Baba alikwenda kila siku, lakini alikaa kwenye benchi la nje. Tarehe 3 Agosti Mama alimpa uji wa ulezi, akanywa mara tatu akashindwa, na Mama alipotaka kuumwaga, Baba aliingia, akachukua kikombe kile, akanywa mpaka chini huku machozi yakimtoka, akasema, "Mwana wanje, mwanangu, kilichobaki ni changu." Dada alicheka, kicheko chake kilekile cha utotoni, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka alipofariki kesho yake, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kabanga, majirani waliotuchotea maji na kutuletea kuni, na wafanyakazi wenzake waliotuma salamu kutoka mbali. Tangazo la mwisho linatoka kwa Baba mwenyewe, nami nalisoma kama alivyoniagiza: chakula kitakachobaki leo kisimwagwe wala kisipelekwe kwa nguruwe, kifunikwe vizuri, kesho asubuhi atakula kiporo, na anayetaka kula naye anakaribishwa.

Pumzika, Dada, amani uliyoingoja imefika.