Visu Vyagoma Wiki ya Uhuru

Kijiwe cha Ukunda kilikuwa na benchi moja, dele moja la kahawa, na mabingwa wawili wa kila kitu duniani. Jumanne ile, siku mbili kabla ya bendera mpya kupandishwa, Kombe alikuja mbio kutoka hotelini. Mashine ya kukata nyasi, ile ya kukaliwa kama trekta, ilikuwa imemgomea. Mzungu aliyekuwa akiiendesha alikuwa amekwenda zake, na Kombe ndiye Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye kile kiti. Alikuwa amejigamba mpaka Msambweni. Sasa meneja amesema: nyasi zisipokatwa kufikia kesho, kiti atampa Mzungu mwingine.

— Tairi zaenda, injini yanguruma, alisema Kombe. Lakini visu vikigusa nyasi tu, vyasimama!

— Ule mkanda unaozungusha visu, umeupaka mafuta ya papa niliyokupa? aliuliza Mwinyihaji, aliyeitwa Injinia kwa kuwa aliwahi kulala karibu na injini ya meli.

— Mara tatu.

— Paka ya nne. Chombo kisichopakwa hakiendi. Haba na haba hujaza kibaba!

— Mafuta yahusu nini? alidakia Ngala, aliyeitwa Karani kwa kuwa aliwahi kumbebea karani mkoba. Mashine ile kwao ni Uingereza. Imesikia bendera yao yashuka, imesusa.

— Tairi mbona hazikususa? alihoji Injinia.

— Tairi ni za mpira, na mpira ni mti. Mti hauna serikali.

Kombe alitamani kucheka, lakini roho ilikuwa juu juu.

— Basi nifanyeje?

— Yataka barua. Mimi nitaandika, wewe utaisomea mashine ukiwa mbele yake, umevua kofia.

— Barua! Injinia alifyonya. Chini ya zile nyasi mna wenyewe, majini, nao hawataki kunyolewa. Chinja jogoo, halafu upake mafuta.

Hapo akapita Sidi, binti mshonaji wa barazani, na futi yake ya kupimia shingoni.

— Shikamooni. Mbona panuka papa hapa?

— Marahaba, mwanangu, alisema Injinia. Ni mikono ya Kombe. Mambo ya mashine, hutayaelewa.

Kombe akamweleza hata hivyo. Sidi akasikiliza mpaka mwisho.

— Cherehani yangu nayo ina mkanda. Hebu niambieni, wazee: kazi ya mkanda ni kushika, au kuteleza?

Karani alitazama barabara. Injinia alichungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama kwenye machicha.

Kombe alihisi uso ukimwaka. Mara tatu! Kwa mikono yake mwenyewe, tena akiimba!

— Kauoshe kwa sabuni, uukaushe vyema, alisema Sidi. Na ukishindwa, waambie wa hotelini nipo. Kukaa kwenye kiti najua.

Kombe alitoka shoti, kofia mkononi.

Injinia alisubiri mpaka Sidi naye alipopotea.

— Ndilo lile lile nililokuwa nikimwambia, alisema. Kijana hasikii.