Makochi ya Kuazima

Uvumi ulikuwa umemganda Paskalina: eti wakaguzi wa ruzuku ya kaya maskini wakikuta nyumba chafu, mtoto mlemavu anachukuliwa. Nao walikuwa wanakuja kesho nyumbani kwake, mtaa wa Mchafukoge, kumwona mwanawe Beno asiyetembea.

Kwenye basi la mwendokasi kutoka Gerezani, kiti cha mbele yake, mwanamke mwenye furushi la mitumba alikuwa akimsimulia mzee aliyekaa naye habari hiyo hiyo. “Nikaogopa, baba. Nikaazima makochi na friji kwa jirani. Mwanangu mlemavu nikamvalisha nguo ya Krismasi, miguu nikaifunika shuka. Wakaingia, nikawapa soda. Mgeni ni mgeni.”

“Ya baridi?” mzee akatania.

“Ya baridi, baba. Wakaandika kwamba najiweza, ruzuku nikaikosa.”

“Na mtoto walimchukua?”

“Wala! Hata jina hawakumuuliza.”

“Si ungesema makochi si yako?”

“Wakiwa wameshayakalia, baba? Niliona aibu.”

“Sasa mwanao anakula hiyo aibu?”

Mwanamke akageukia dirishani, akajipangusa macho kwa upindo wa khanga. Basi liliposimama kituo cha Fire alishuka bila kuaga. Paskalina alibaki akilifikiria zulia aliloazima yeye kwa jirani, tayari limetandikwa sebuleni kwake. Akaanza kupanga maneno ya kuwaambia wenzake.

Akina mama tunaosubiri wakaguzi:

Usiazime kitu, hata kapeti.

Usimvalishe mtoto nguo ya sikukuu, wala usimfunike miguu.

Usiogope uvumi kabla hujamuuliza mjumbe wa mtaa.

Wakikuuliza mnaishije, usijibu “tunamshukuru Mungu” ukanyamaza.