Kikombe cha Conjesta

Sogeeni, wanangu. Marhoon, iweke simu. Manal, niinue mto kidogo, maana nna maneno na pumzi yenyewe ndiyo hii mnayoisikia.

Nyumba hii ya Ghubra, hapa Maskati, gawaneni kama sharia ilivyosema. Nnalotaka kukwambieni ni jengine, nimelificha miaka sitini na zaidi.

Kila Idi nakuhadithieni baridi ya Marekani nilikosoma, lakini sijakuhadithieni mlango wa ukumbi wa chakula. Weusi wakiruhusiwa darasani tu, kula, ng'o! Tulipofika, mie na Makame, sahibu yangu wa Makunduchi, kule kwetu Unguja, bawabu akatuzuia sote wawili. Basi baba yenu, kwa ujanja wake, kesho yake akajifunga kilemba, akasema mimi Mwarabu. Nikapishwa. Makame akabaki ngazini na sahani yake, nami ndani nikala, wallahi, nikala nikashiba.

Mchungaji wa kanisa la pale chuoni, mzungu mwembamba ana kikohozi, akanyanyuka mezani kwetu na sahani yake. Hakunisema. Akaenda kula ngazini na Makame, na kesho yake tena, mpaka wakaja wachungaji wenzake, baridi inawakata. Kanisa likamfukuza, naye bado anakuja kula. Mwaka haujaisha, mlango ukafunguliwa. Makame akaingia, akakaa ubavuni mwangu, akanisogezea chumvi. Afadhali angenizaba kofi!

Sasa nitizameni. Conjesta, mtumishi wetu, ananiogesha mwaka wa kumi na moja huu. Mama yake kafa Bukoba, yeye yuko hapa kanishika mkono mie. Na anakula jikoni peke yake, na kikombe chake kina rafu yake. Mnadhani mama yenu alikiweka? Masikini, Mungu amrehemu, alinigombeza. Nilikiweka mie.

Usilie, Manal, utanisahaulisha. Leteni sinia la wali hapa chini, ubavuni mwa kitanda, tukae sote. Marhoon, nakujua, utasema Conjesta mwenyewe ataona haya. Ataona, ndiyo, kaa karibu yake umzoeshe. Na nikishaondoka iwe hivi hivi, kila siku, hiyo ndiyo amana yangu kwenu.

Conjesta! Viache vyombo, mwanangu, njoo. Hicho kikombe kirudishe, utanywea changu. Nisamehe, mama. Nimekukalisha ngazini miaka yote hii.

Radhi zangu mnazo, wanangu, nyote... na wewe. Nishikeni mkono, nataka nimmegee nyama mwenyewe. Hapo... mwekeeni upande wake.

Kula, mwanangu. Mie nilishiba zamani.