Kitapita Saa Nane Mchana

Sogeeni wanangu, njooni mpaka magoti yenu yaguse kitanda hiki, maana sauti yangu imebaki ya kunong'ona na sina tena pumzi ya kulirudia neno mara mbili. Miguu imenikataa tangu mwezi uliopita, hilo mnalijua. Na dirisha lile lina nondo nilizozitia mwenyewe kwa kuogopa wezi, nami nimelala hapa kutwa nazitazama kama mfungwa aliyejijengea jela kwa mikono yake. Lakini si nondo zilizonifunga. Kilichonifunga ni neno moja, na leo nataka nilitoe kabla sijafukiwa nalo, kwani mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wewe mkubwa, dereva wangu, acha kuchungulia nje. Lori lako halitakimbia peke yake. Wewe kitindamimba, najua una zamu redioni saa kumi, na karatasi ya tahadhari ya kimbunga kinachokuja kesho unayo mfukoni, tutaifikia. Wewe mwanangu muuguzi, uliyezaliwa na dada yangu nami nikakulea, weka hilo bakuli chini, uji hauna kazi tena. Na wewe Fundi, shemeji yangu, uliyekaa pale mlangoni na mkongojo wako kama mtu anayengoja kufukuzwa, asante kwa kuja. Miaka ishirini na tisa hukukanyaga chumba hiki. Sikukuita unisamehe, nimekuita unisikie nikisema mbele ya binti yako huyu niliyemlea lile nililokataa kulisema mbele ya watu.

Sikilizeni. Mwaka wa kimbunga kile kikubwa mimi ndiye niliyekuwa mtabiri mkuu wa zamu katika ofisi ya hali ya hewa. Siku tatu nilishinda nimeinamia ramani, nachora mistari, nafuta, nachora tena, na kila picha ya setilaiti iliyoletwa ilionyesha gurudumu lile jeupe linatujia sisi, si wa kushoto kwetu wala wa kulia. Kimbunga, wanangu, kina tundu katikati, ndilo tunaloliita kitovu. Tundu hilo likifika juu yenu upepo hukatika ghafla, jua hutoka, hata kuku hushuka kuparua uani. Kisha baada ya nusu saa, au saa nzima ukibahatika, ukingo wa pili hufika na upepo hugeuka ukaja kutoka upande ule mwingine, ukayakuta mapaa yamekwisha kulegea. Hayo niliyajua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Nikakokotoa saa ambayo tundu lile lingetufikia, nikaandika kwa mkono wangu: "Kitovu cha kimbunga kitapita juu ya mji saa nane mchana." Nikaisoma, ikanipendeza, kwa sababu haikuwa na neno la ziada.

Palikuwa na mwanamke aliyetufagilia na kutupikia chai, tukimwita Mama Chai. Alikuwa akinimiminia kikombe, jicho lake likaangukia karatasi.

"Bwana mkubwa," akasema, "kwa hiyo saa nane kitakuwa kimekwisha?"

"Nani kakuambia kimekwisha? Kitapita."

"Si ndiyo hivyo hivyo? Homa ikipita si imekwisha? Njaa ikipita si imekwisha? Mimi saa nane nafungua mlango naanika nguo zangu."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao, na ninyi mnakijua kicheko changu kinavyokata. Nikamwambia, "Mama, kila ndege huruka kwa ubawa wake; wewe ruka na birika lako." Alichukua penseli mezani pangu, akapiga mstari chini ya lile neno, akaondoka na sinia lake. Nami nikaituma taarifa redioni kama ilivyokuwa, bila kugusa hata nukta.

Sasa mwanangu muuguzi, nipe mkono wako. Hukuwahi kuambiwa kwamba mama yako alinipigia simu. Ilikuwa saa nne asubuhi, upepo umeshaanza kuvuma, na alitumia simu ya ofisi ya mwalimu mkuu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia akajihifadhi katika shule ile ya zege.

Akasema, "Kaka, nimefika na mtoto. Baba yake amebaki ng'ambo ya daraja, anafunga karakana."

Nikamwambia, "Kaa hapo hapo."

Akasema, "Redio inasema saa nane kitapita. Ni kweli?"

Ni swali la maneno mawili, wanangu. Alikuwa ameniwekea neno lile kiganjani, nami ningeweza kulifungua kwa pumzi moja tu, nikamwambia, dada, kitanyamaza kisha kitarudi. Lakini nilisikia ananiuliza kama hesabu zangu ni sahihi, maana mtu aliyezoea kusifiwa husikia sifa hata zisipokuwepo. Nikamjibu, "Saa nane kamili, dada. Mimi sikosei."

Na kweli sikukosea. Saa nane kasoro dakika tano upepo ulinyamaza, jua likawaka, na watu waliokuwa shuleni wakatoka wakishukuru Mungu, kila mmoja akikimbilia kwake. Mama yako alikuacha kwa mwalimu, ukiwa na miaka minne, akavuka daraja kumfuata mumewe. Alimkuta mzima, si ndivyo, Fundi? Alimkuta anaokota mbao zake, wakakumbatiana, na walikuwa wamesimama chini ya ukuta wa karakana upepo uliporudi. Yeye ulimuua palepale. Fundi ulimvunja mguu, ukamlaza kando ya mkewe mpaka asubuhi ya pili. Na katika shule ile moja tu, waliotoka saa nane na wasirudi walikuwa kumi na wanane.

Usiuvute mkono, mwanangu. Au uvute, ni haki yako, ila usitoke nje kwanza, kwa sababu bado sijafika kwenye aibu yenyewe. Kukosea ni kwa kila mtu. Aibu ni nilichofanya baadaye.

Iliundwa tume ya kuchunguza. Mama Chai akasema wazi jikoni kwetu kwamba akiitwa atasema, na ile nakala yenye mstari wa penseli ataidai iletwe. Siku tatu kabla ya kikao nikaandika barua ya kumhamishia kituo cha mbali, akasimamie stoo ya vipuri mahali ambapo hata basi lilifika mara moja kwa wiki. Aliondoka na watoto wawili katikati ya muhula, na wala hakuja kuniaga. Nakala nikaifungia katika sanduku hilo la bati chini ya kitanda, juu yake nimelala miaka yote hii. Tume iliponiuliza, nikaweka mezani saa niliyotabiri na saa iliyotokea, nikasema, "Taarifa ilikuwa sahihi." Fundi alikuwepo, mguu umefungwa plasta. Akainuka, akaniuliza mbele ya wote, "Shemeji, ulijua kwamba kitarudi?" Nami nikainama nikasoma karatasi kana kwamba sikusikia. Nikapewa cheti. Kile pale ukutani, mama yenu alikuwa akikipangusa vumbi kila Jumamosi, naye ameondoka duniani akiamini ni heshima.

Tangu siku ile nimeishi ndani ya neno "sahihi" kama panya ndani ya mtungi: kuingia niliingia, kutoka sikuona pa kutokea. Ningesema ukweli ningekuwa mwongo wa jana. Nisingesema, nilikuwa mwongo wa kila siku. Nikachagua la pili, nikalivaa kama sare ya kazi.

Kitindamimba, toa karatasi. Isome kama utakavyoisoma saa kumi.

Mnasikia? "Kitovu cha kimbunga kitapita juu ya maeneo ya pwani kesho saa tano asubuhi." Ukiacha mahali na saa, neno kwa neno! Sentensi yangu. Mimi ndiye niliyeandika mwongozo wa ofisi, vijana wananakili, na kwa kuwa miaka yote hii vimbunga vimetukwepa, hakuna aliyeona walakini. Kumbe sikujifunga mimi peke yangu. Nimeufungia mji mzima, na kesho mlango utabanwa tena.

Fundi, wewe hukusomea mambo haya. Sikuulizi kama umeelewa, maana ukimuuliza mtu "umeelewa?" atasema ndiyo ili aonekane ana akili. Nakuuliza hivi: kesho saa tano utafanya nini?

Sema kwa sauti, wakusikie. "Nitangoja kipite, nitoke." Umesikia, mwanangu? Huyu ni mtu ambaye kimbunga kilimchukulia mke na mguu, na bado neno lile limemtoa nje.

Usiniambie hamruhusiwi kubadilisha. Aliyelifunga fundo ni mimi, nami nalifungua. Mpigie mkuu wa zamu wa hali ya hewa, alikuwa mwanafunzi wangu, uniwekee simu mdomoni... Haloo, mkuu wa zamu, ni mimi mzee wako. Futa "kitapita". Ndiyo, sentensi yangu, nasema ifute. Iliua watu. Ndiyo, niliidanganya tume, nitaliweka hilo kwa maandishi na kidole changu juu yake. Je, kijana wangu asome tutakavyoandika hapa? ... Amekubali. Anataka asomewe kwanza, kisha atairusha kwa wote.

Andika basi. Siyo mimi nitakayesema, mimi nina ugonjwa wa maneno mazuri. Fundi, sema wewe. Polepole, mtoto aandike. "Kesho saa tano upepo utanyamaza. Usitoke. Kimbunga hakijakwisha, kinarudi kutoka upande wa pili, na kitarudi na nguvu zaidi. Kama una mke ng'ambo ya daraja, usimfuate. Kama una mume, usimfuate. Kaa ndani mpaka redio ikuambie toka." Hapo hapo. Usiongeze kitu. Mimi nilisoma miaka saba kutafuta sentensi hiyo, na aliyekuwa nayo alikuwa seremala.

Msomee mkuu wa zamu kwa simu, kisha nenda, kitindamimba. Sanduku la bati ni lako, na nakala iliyomo ni yako. Itundike ukutani palipo na cheti, na cheti ukichome. Na kila tahadhari utakayopewa maisha yako yote, kabla ya kuisoma hewani, msomee mfagizi wa studio, umuulize atafanya nini. Nenda, usingoje nife. Kufa kwangu hakuhitaji msomaji.

Mkubwa wangu, kiwanja cha kule mlimani ni chako, lakini leo washa lori ukawabebe wa bondeni, nyumba hadi nyumba, na atakayegoma usibishane naye, mchukue mwanawe, atakufuata. Kimbunga kikiisha nenda kamtafute Mama Chai. Anaishi kwa mwanawe nyuma ya soko. Usipeleke zawadi. Piga goti, umwambie alikuwa na haki, na kwamba mimi nilijua. Akikufukuza, rudi siku nyingine.

Nyumba hii ya zege, yenye kuta mnazozijua, ni ya mpwa wangu muuguzi. Wanangu msinung'unike, paa hili nililijenga kwa mshahara niliolipwa kwa kunyamaza juu ya mama yake. Mwanangu, ukiweza kunichukia, nichukie ukiwa mzima. Nenda hospitali, zamu yako inakuhitaji kuliko mimi. Majirani wakija kujihifadhi, wafungulieni vyumba vyote, hata hiki. Nikiwa nimekwisha, nifunikeni shuka, nisogezeni ukutani, wapate pa kukaa. Kuzika mtazika anga likitulia kweli.

Fundi... mbona hujainuka? Unasema... sogea, masikio yanaziba. Unasema hujanisamehe. Najua. Unasema mguu huo hautafika kokote leo, utakaa. Kaa basi, shemeji. Tutakuwa wawili humu... na hilo lililo kati yetu litakuwa la tatu.

Nendeni wanangu. Mungu awape masikio makubwa kuliko vinywa. Awape... awape watu wa kuwakatisha mnapojisifu. Mliyoyarithi kwangu mabaya yaishie kwangu. Mama yenu... mwambieni... hapana, nitamwambia mwenyewe. Mungu awalinde njiani, wewe, na wewe, na wewe mwanangu, hata kama... nipe maji kidogo, Fundi. Kidogo tu... Redio. Nifungulie redio, saa kumi imeka...