Mwalimu Benjamini Mabula na Mchezo Ambao Watu Hawakuumaliza

Baba Paroko, wazee wa Tinde, ndugu, majirani na wageni mliotoka Masumbwe, Chato na Geita, poleni na safari na poleni na msiba. Mimi ni Agnetha, mtoto wa kwanza wa marehemu. Familia ilipanga wasifu huu usomwe na mjomba Donatus, kwa sababu yeye ana moyo mgumu kuliko mimi. Nimekataa. Humu ndani kuna jambo linalonihusu mimi, na haifai mtu mwingine alisome kwa niaba yangu. Nikikwama mnivumilie.

Mwalimu Benjamini Mabula alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 14 Agosti 1966, hapa hapa Tinde, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu mzee Mabula Lushinge na marehemu bibi Mariana. Alichunga ng'ombe kama watoto wote wa rika lake. Bibi alipenda kutusimulia kwamba Benjamini akiwa na miaka tisa aliona kengele za ng'ombe wa babu hazipatani zinapolia pamoja. Akazivua zote, akazivalisha upya kwa mpangilio alioupenda yeye. Jioni ile babu alifuata mlio wa kengele ya dume lake kubwa mpaka ng'ambo ya korongo, akakuta ndama mmoja amesimama anamtazama. Benjamini alichapwa vizuri. Alipoulizwa kama amekoma, alijibu kwamba hata hivyo sasa zinalia vizuri zaidi.

Alisoma shule ya msingi hapa Tinde kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha akaendelea na sekondari mjini Shinyanga kuanzia mwaka 1982 hadi 1985. Kati ya mwaka 1986 na 1988 alisomea ualimu. Huko chuoni ndiko alikojifunza kuandika muziki kwa do, re, mi, na tangu hapo hakukuwa na daftari nyumbani kwetu lililosalimika. Mimi niliwahi kupeleka shuleni daftari la sayansi ambalo nyuma yake lilikuwa na misa nzima ya sauti nne.

Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa mwalimu huko Masumbwe, akafundisha hisabati na Kiswahili kwa miaka thelathini na sita, karibu yote katika wilaya hiyohiyo. Wanafunzi wake walijifunza jedwali la kuzidisha kwa kuimba. Wengine wenu mko hapa, nimewaona, na najua mkiulizwa saba mara nane lazima kwanza muimbe kidogo kimoyomoyo ndipo mjibu.

Huko Masumbwe ndiko alikompata mama yetu, Melania, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya ya kigango. Siku ya kwanza kumwona alimwambia mbele ya wenzake kwamba sauti yake inashuka mwishoni mwa mstari. Mama akamjibu, "Basi imba mwenyewe, mwalimu." Walifunga ndoa takatifu tarehe 27 Juni 1992 na Mungu akawajalia watoto watatu. Mama anasema sauti yake haijawahi kushuka, na katika miaka thelathini na miwili ya ndoa jambo hilo halikupata ufumbuzi.

Sasa nifike kwenye mchezo.

Tarehe 21 Mei 2011, duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, lisilo mbali na Masumbwe, liliporomoka baada ya matimba, ile miti inayoshikilia kuta, kulowa maji ya mvua. Watu watano walifukiwa. Mmoja wao alikuwa baba yetu mdogo, Adam Mabula, mdogo wake marehemu. Baba alikaa juu ya lile shimo siku tatu. Wachimbaji wale walitoka sehemu mbalimbali, na jamaa zao walikuja kila mmoja na maombolezo yake. Wakristo waliimba nyimbo za kanisani upande mmoja. Waislamu walisoma dua na kuimba kaswida upande wa pili. Wazee wa Kisukuma, pamoja na babu, waliimba nyimbo za jembe, zile za kulima pamoja, kwa kuwa waliokuwa wanafukua walihitaji nguvu. Vyote hivyo kwa wakati mmoja. Baba alisema hakuna sauti iliyopatana na mwenzake, na hajawahi kusikia kitu kizito kama kile maishani mwake. Siku ya tatu waliwatoa. Hakuna aliyekuwa hai.

Alinyamaza miaka minane. Mwaka 2019 akaanza kuandika mchezo wa kuimbwa kuhusu siku zile tatu. Mchezo wa saa mbili na dakika kumi, hauna mazungumzo, ni kuimba mwanzo hadi mwisho. Makundi matatu yanasimama kulizunguka shimo na kila kundi linaimba wimbo wake, kwa mahadhi yake na kwa lugha yake, bila kusubiriana. Alikusanya watu ishirini na wanne: walimu, mama lishe, wachimbaji wawili, na dada Paskalina aliyeimba nafasi ya mama wa mchimbaji. Walifanya mazoezi kila Jumamosi alasiri kwa miaka mitatu. Alipokwenda kuomba kibali, aliulizwa kwenye fomu kama ni ngoma, kwaya, maigizo au dansi. Aliandika "vyote," na fomu ikarudishwa.

Niwaambie ukweli, ule mchezo haukupata watu. Leo si siku ya kupamba mambo.

Mara ya kwanza ulionyeshwa Chato, katika ukumbi wa kanisa, mwezi Oktoba 2022. Walialikwa walimu wa kwaya kutoka vigango vya jirani. Nusu saa haijafika, mmoja wao akapanda jukwaani kwa nia njema kabisa, akamnong'oneza baba kwamba waimbaji wamepishana, awasimamishe waanze upya. Baba akamwambia ndivyo ulivyoandikwa. Yule mwalimu alirudi kukaa kama mtu aliyeambiwa chakula kimeungua kwa makusudi. Walipofika saa ya kwanza, ukumbi ulikuwa na watu wa familia tu na mlinzi, nao pia hawakuufikia mwisho.

Mara ya pili ulikuwa hapa Tinde, Julai 2023, baada ya mavuno. Wenyeji mnajua Julai ni mwezi gani. Ni mwezi wa Wagika na Wagalu, ngoma mbili zinasimama zikitazamana uwanjani, na watu wanakimbilia ile inayowakosha, na kwa wingi wa watu anajulikana mshindi. Baba, mzaliwa wa hapa, alisahau jambo hilo, au alijifanya kusahau. Alileta kundi moja. Watu walijaa sana, nadhani walikuwa zaidi ya mia nne, wakaacha nafasi kubwa upande wa pili wa uwanja kwa ajili ya wapinzani. Wakasubiri. Waimbaji wanaimba, watu wanachungulia barabarani. Hatimaye mzee Ndaki, ambaye yuko hapa leo, alimfuata.

"Mwalimu, wabeja, asante kwa nyimbo. Wenzenu wanafika saa ngapi?"

"Hatuna wenzetu, mzee. Tuko peke yetu."

"Sasa tutajuaje kama mmeshinda?"

"Hatushindani na mtu, mzee. Ni msiba."

Mzee Ndaki alifikiri, akamshauri achukue hata wanafunzi kumi awasimamishe upande ule, wapige kelele tu, ili watu wajue pa kutazama. Lilikuwa wazo zuri. Baba alikataa. Alikuwa mbishi, jamani, tusiseme uongo juu ya jeneza. Alisema mchezo huu si wa kukimbilia huku na kule, ni wa kukaa. Watu wakaondoka taratibu, kwa heshima, wakimpa mkono mmoja mmoja huku waimbaji bado wanaimba.

Mara ya tatu, na ya mwisho, ilikuwa Masumbwe, tarehe 18 Novemba 2023, katika ukumbi wa kukodi karibu na stendi. Safari hii waliingia wachimbaji wengi, kwa sababu walisikia unawahusu. Walikaa kimya kuliko watazamaji wote waliotangulia. Ilipofika pale ambapo Paskalina anaita jina la mwanawe shimoni, kijana mmoja wa kiapolo, kibarua wa machimboni, bado ana vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kwenye nywele, alisimama akasema kwa sauti, "Mwalimu, samahani. Mimi kesho asubuhi naingia chini. Haya siwezi kuyasikia leo." Akatoka. Wenzake wakatoka nyuma yake wakiwa wameshika kofia zao. Hawakuwa na hasira. Mimi kijana yule simlaumu hata kidogo.

Najilaumu mimi. Nilikuwa mle ukumbini, nimetoka Geita ninakofanya kazi kwenye duka la dawa, nimekuja na marafiki zangu wawili. Wale wachimbaji walipotoka, mmoja wa marafiki zangu alicheka. Nikaona aibu. Nikaona baba yangu anatuaibisha, mzee mzima anawaimbisha watu nyimbo tatu kwa mpigo kama soko la ng'ombe. Nikawaambia twendeni tukale. Tulipita mlango wa pembeni, tukakaa stendi tukala chipsi kuku, na niliporudi watu walikuwa wanakunja viti. Baba aliponiona akaniuliza, "Umeuonaje?" Nikasema, "Mzuri sana, baba. Hasa mwisho." Alinishukuru.

Baada ya hapo kundi lilisambaratika. Hakuandika tena.

Marehemu alianza kuugua Aprili 2024, akaonekana kuwa na tatizo la moyo kupanuka. Alitibiwa Masumbwe na baadaye Geita, na mwezi Februari mwaka huu tulimhamishia hospitalini mjini Shinyanga ili awe karibu na nyumbani. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia. Alipumua kwa shida, lakini akili yake ilikuwa timamu, na aliendelea kumsahihisha mgonjwa wa kitanda cha pili kila alipoimba.

Siku ya Jumatano alasiri, wiki hii hii, saa za kuona wagonjwa, tulikuwa naye mimi na mama. Nilichoka kuubeba ule uongo. Nikamwambia, "Baba, ule mchezo wa Masumbwe. Mwisho wake..."

Akanikata. "Mwisho haukufika siku ile, mwanangu. Umeme wa ukumbini ulikatika zikiwa zimebaki dakika tano. Nikawaruhusu watu."

Nilitamani kuingia chini ya kile kitanda. Miezi kumi na sita alijua, na hakuwahi kunionyesha hata kwa jicho. Nililia mbele ya wodi nzima. Akanishika mkono akasema, "Hukukosea wewe peke yako. Nami, mbali na waimbaji, sikumwambia mtu mwisho ukoje. Nilitaka waufikie wenyewe."

Kisha akatueleza. Zile nyimbo tatu, ambazo zinapishana kwa saa mbili nzima, mwishoni zinaanza kusogeleana. Hakuna anayemfuata mwenzake. Kila kundi linaendelea na njia yake, ila njia zote baba alikuwa amezielekeza, tangu nota ya kwanza kabisa, mahali pamoja. Dakika nne za mwisho zinakutana katika sauti moja, na hapo ndipo wale watano wanatolewa. Ndugu zangu, watu wote walioondoka, pamoja na mimi, tuliondoka na ugomvi wa sauti. Yale maelewano aliyoyaandaa kwa miaka minne yalibaki kwenye daftari na kwa waimbaji wake.

Akasema tuimbe, akatufundisha mistari michache ya mwisho. Mama akapewa wimbo wa kanisani, mimi kaswida, na yeye akachukua wimbo wa jembe aliokuwa akiimba babu. Tuliimba kwa sauti ya chini ili tusisumbue wagonjwa. Mwanzoni nilipotea, akanirudisha kwa kidole. Tukasogea, tukasogea. Nikaanza kuisikia sauti ya mama inakuja upande wangu, nikaelewa tunakokwenda. Hapo pumzi ya baba ikaisha. Mama alitaka kunyamaza, baba akatikisa kichwa kwamba tuendelee. Tukaendelea wawili. Tukafika. Sauti ya mama haikushuka. Baba alikuwa anachezesha midomo tu, hakuna kilichotoka, lakini nilimwona na yeye anafika.

Akasema, "Sasa umeuona."

Mwalimu Benjamini Mabula alifariki dunia siku iliyofuata, Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Marehemu ameacha mjane, mama Melania, watoto watatu, mimi Agnetha, Noela na Fredy, wajukuu wanne, ndugu wa tumbo moja watano, na waimbaji ishirini na wanne ambao nimewaona wamesimama pamoja pale kushoto, tayari kuimba.

Baba, tangu Chato ulikuwa unauliza watu wako wapi. Leo ni Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, na wako hapa. Wamejaa uwanja mzima, wengine wamesimama mpaka ndani ya mahindi, na hakuna anayechungulia barabarani. Ndugu zangu, nawaomba kitu kimoja kwa ajili yake: msiondoke kabla hatujamaliza.

Upumzike kwa amani, mwalimu. Tumekaa.