Skuta Isiyosajilika

Mwaka 2013, katika haisi ya kutoka Tunduma, Osward, mwalimu wa Ihanda, alijikuta akimfungulia moyo abiria asiyemjua. Mzee Masudi, wakala wa forodha mpakani, alikuwa ameziona karatasi za skuta mapajani mwake, akauliza kulikoni.

"Niliinunua mtandaoni, mzee wangu. Mama ana magoti mabovu, pikipiki hawezi kupanda. Nikasema skuta iko chini, nitampakia tuende kanisani. Imefika, namba ya chesisi ni tofauti kabisa na ya kwenye karatasi. Haisajiliki."

"Muuzaji anasemaje?"

"Hajibu tena."

"Basi ifungue, uza vipuri."

"Nitaanzaje? Kila Jumamosi mama anaifuta vumbi. Ameshawaambia wanakwaya wenzake kuwa tunasubiri namba tu."

"Mwambie ukweli leo, mwalimu. Unamdhalilisha."

"Laiti ningeuliza watu kama ninyi kabla," Osward alisema kwa sauti ya chini.

Mzee alifungua kinywa amjibu, lakini gari lilikuwa limesimama Ihanda. Osward alishuka. Alimkatalia bodaboda aliyemwita. Alishika njia ya nyumbani kwa miguu, polepole, maana hakutaka kufika mapema.