Wakili Nailantei Ngigi na Sauti Iliyokatazwa Kulala

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Soipan, mazishini Kisaju, Jumamosi tarehe 22 Novemba 2025

Mama ametoa ruhusa jina la marehemu litajwe leo mpaka kaburi lifunikwe, na si dakika moja zaidi. Wageni wetu wa upande wa Ngigi wasishangae. Kwetu mtu akishazikwa jina lake haliitwi tena na watu wa boma lake, kwa sababu ukimwita unamsumbua, naye hana namna ya kuja. Kwa hiyo Nailantei atatajwa sana katika wasifu huu, lakini baba yetu hatatajwa kwa jina hata mara moja, maana mama ameketi hapa mbele na ana masikio. Jambo la pili ni kwamba kamati ya mazishi ilikata aya mbili za wasifu huu. Mwenyekiti, Bwana Nashon, alisema hazijengi. Jana Ngigi, mume wa marehemu, alichapisha upya programu ya mazishi huko Kitengela, na aya zile zimerudi mahali pake. Mwenye kukunja uso na akunje tu.

Marehemu Nailantei alizaliwa tarehe 14 Mei 1991 hapa hapa Kisaju, mtoto wa pili wa Mama Florence, akimfuata Ledama na kumtangulia Soipan. Alikuja miguu ikitangulia. Mkunga akasema huyu atabishana na watu maisha yake yote, na mkunga yule hakuwa mtu wa kukosea.

Alisoma shule ya msingi hapa Kisaju kuanzia 1998 hadi 2005, kisha sekondari mjini Kajiado hadi 2009. Akiwa na miaka kumi na mmoja alifika hapa dalali wa ploti na karatasi yake na kidau cha wino. Baba hakujua kusoma. Alikuwa ameshachovya kidole gumba, tayari kukibandika, Nailantei alipoichukua karatasi na kuisoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma mtoto wa darasa la tano. Walikuwa wamezungumza ekari mbili. Karatasi ilisema kumi. Baba akapangusa wino kwenye suruali ya mgeni, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akasema, “Ardhi hii siuzi. Hata nikifa, siuzi.” Waliokuwepo wanakumbuka. Na Ledama, kaka yetu mkubwa, alikuwepo, ameegemea mlango. Tafadhali mliweke neno hilo la baba akilini, kwa sababu tutalirudia.

Alisomea sheria Nairobi kuanzia 2010 na akaapishwa kuwa wakili mwaka 2016. Alifanya kazi katika ofisi moja ya mawakili Kitengela, ghorofa ya pili juu ya duka la mbegu, akiandika makubaliano ya kuuziana ploti. Ilikuwa kazi aliyoichukia na aliyoifanya vizuri. Hakumruhusu mzee yeyote aweke kidole kabla hajasomewa kila mstari kwa Kimaa, lugha yetu, hata madalali wakipiga miluzi nje. Ndiyo maana madalali hawampendi, na ndiyo maana leo nawaona watatu hapa, wamekuja kuhakikisha.

Katika duka lile la mbegu ndimo alimopata mume. Ngigi alikuwa akiuza mahindi na dawa za mimea, na kila Nailantei aliposhuka ngazi alimwuliza kama amekula. Alimwuliza miaka miwili. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2018. Siku ya kuleta mahari wajomba wetu walikataa ng'ombe wawili kwa sababu walikuwa weusi tititi, na Ngigi, ambaye hakujua ng'ombe wana rangi za kukataliwa, alirudi kwao Kiserian siku hiyo hiyo akatafuta wengine. Wengi wenu mlimcheka. Huyo mliyemcheka ndiye aliyemwosha mke wake miezi mitatu ya mwisho. Walijaliwa binti mmoja, Waruguru, aliyechukua jina la nyanya yake mzaa baba.

Mwaka 2021 Nailantei alipata ufadhili wa kusomea sheria za teknolojia na sera za kidijitali katika nchi tatu, muhula baada ya muhula: Uholanzi, Estonia na Ureno. Hapo ndipo dharau ilipoanza rasmi. Ledama alisema kwenye harusi ya watu, akiwa na maikrofoni, “Sister yangu ameenda kusomea sheria ya simu. Simu iko na sheria gani? Weka bundles, piga!” Mkacheka. Na akina mama wa kanisa mkasema amemtupa mtoto wa miaka miwili akafuata theluji. Hakumtupa. Alimwacha na Ngigi, baba yake mzazi, na kila jioni alimsomea hadithi kwenye simu mpaka mtoto asinzie, huko kwake vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Mliosema hayo mmekaribishwa chai na mmeinywa.

Alichokwenda kutafuta kilikuwa swali moja, naye alilibeba kutoka nchi hadi nchi: mtu akifa, picha yake, sauti yake na maneno aliyoacha kwenye mitambo ni vya nani? Mahali pamoja walimwambia marehemu hana haki tena, sheria inawalinda walio hai. Kwingine wakamwambia warithi ndio waamuzi. Katika darasa moja alisimama akaeleza kwamba kwao swali hilo lilijibiwa kabla umeme haujaja: aliyelala haamshwi. Mwalimu akamwomba aliandike. Aliliandika kurasa mia moja na ishirini, akahitimu Septemba 2023. Hakujua kwamba mtihani wenyewe ulikuwa unamsubiri nyumbani.

Hii ndiyo aya ya kwanza iliyokatwa. Mwaka 2021, Nailantei akiwa ndiyo kwanza ameondoka, ilikuja kampuni hapa Kisaju kurekodi wazee, ili simu zijue Kimaa na watoto wasisahau lugha yao. Ledama ndiye aliyewaleta. Baba aliwapa siku tatu. Aliwapa salamu, mafumbo, baraka za ng'ombe na za mvua, kwa sababu mzee wa Kimaasai hamnyimi mgeni baraka. Tarehe 3 Agosti 2022 baba akafariki. Januari 2024 watu wa kampuni wakarudi na fomu nyingine, inayowaruhusu kuifundisha mashine isemeshe sauti ya baba maneno mapya, maneno ambayo hajawahi kuyasema. Fomu ilitaka sahihi ya mwakilishi wa familia. Ledama aliweka sahihi. Hakumwuliza mama. Hakumwuliza mtu. Hakuisoma, na katika boma hili hiyo si ajali, ni dhambi, kwa maana sote tulijua karatasi isiyosomwa ina ekari ngapi.

Jumanne tarehe 12 Machi 2024 mama alikuwa hapo senta akichagua nyanya. Likapita pikapu lenye vipaza sauti. Sauti ya mumewe, aliyezikwa miezi kumi na tisa iliyopita, ikasema, “Takwenya!” Ni salamu anayopewa mwanamke, na jibu lake ni moja. Mama akageuka, nyanya mkononi, akajibu, “Iko!” Watu wakaangua kicheko. Kisha ile sauti ikaendelea: njooni Kisaju, ploti ziko tayari, hati ziko tayari, mimi mzee wenu nawaambia, nunueni kabla hazijaisha. Baba yetu, aliyesema hauzi hata akifa. Mama aliziacha nyanya pale pale. Hakuonja chakula siku nne. Na dereva wa pikapu lile, tusizunguke, alikuwa Ledama, wakala mpya wa ploti.

Nailantei aliacha kazi aliyokuwa ameipata Estonia, akatua nyumbani mwezi wa Aprili. Aliiandikia kampuni barua tano. Wakamjibu kwa adabu sana kwamba idhini ipo, na aliyeitoa anaweza kuiondoa siku yoyote kwa sahihi moja, lakini si mtu mwingine. Akamfuata kaka yake. Waliketi chini ya antena ya nyumba ya Ledama, na Soipan alikuwa katikati yao na birika.

“Ondoa sahihi, Ledama. Ni mstari mmoja tu.”

“Si mnisikize kwanza. Buda sahi anajulikana mpaka Namanga. Watu wananiambia, sauti ya mzee wako iko na nguvu. Wewe ulitaka asahaulike?”

“Nilitaka alale.”

“Hiyo ni sheria ya Wazungu umekuja nayo.”

“Ledama, Wazungu ndio niliwafundisha hii.”

Kaka yetu alicheka, akawasha pikapu.

Hii ndiyo aya ya pili iliyokatwa. Nailantei alitayarisha kesi. Wenye akili mtauliza mbona haikusikizwa. Ilikuwa kesi nzuri, na kilichohitajika ni kiapo cha mjane. Tarehe 6 Novemba 2024 alimpeleka mama Kajiado kwa wakili wa kuapisha, mtu mpole anayeitwa Mulwa. Mulwa akasema, “Mama, soma hapa au useme mwenyewe: mimi ni mjane wa nani?” Nailantei akataja jina yeye. Mulwa akasema, “Pole, wakili, unajua lazima atoe mwenyewe. Ni kiapo.” Mama alitazama ukutani. Machozi yalimtoka lakini kinywa hakikufunguka. Ili kumnyamazisha mumewe, alitakiwa kumwita. Nailantei, wakili wa nchi nne, aliyewahi kubishana na maprofesa, alikunja zile karatasi, akamshika mama mkono, wakatoka nje wakanunua chai. Hakumlazimisha. Asingeweza kuishinda kesi kwa kufanya kosa lile lile analolishtakia. Ledama aliposikia, alisema mahakama imemwona hana kesi. Huo ni uongo, na leo unasemwa kuwa uongo mbele ya watu na mbele ya mchungaji.

Februari 2025 Nailantei alianza kuchoka na kutokwa na damu ya pua. Akagunduliwa ana saratani ya damu. Alilazwa Nairobi mara nne. Mwezi wa Oktoba Ledama alikwenda kumwona, na tumpe haki yake, alikwenda akiwa na huzuni ya kweli. Lakini akatoa simu, akaibonyeza, na sauti ya baba ikasema pale kitandani, “Mwanangu, pona haraka.” Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakasema amina. Nailantei akamwomba aizime.

“Baba hakuwahi kuniambia hivyo,” alisema. “Baba aliniambia nisome karatasi.”

Kisha akageukia ukuta. Kesho yake akamwita Ngigi na mimi, Soipan, akaandika kwa mkono wake kwamba sauti yake, uso wake na maandishi yake visipewe mtambo wowote ukasema kwa niaba yake. Akatuambia tusome kabla ya kuweka sahihi za mashahidi. Tukasoma. Akasema tusome tena.

Alifariki Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka thelathini na minne. Neno lake la mwisho lenye maana lilikuwa swali, kama Ledama ameshaweka sahihi ya kuondoa idhini. Ngigi hakuweza kumdanganya.

Nailantei ameacha mume, Ngigi, binti, Waruguru, wa miaka sita, mama, Florence, dada, Soipan. Ameacha kaka pia.

Kampuni imeleta shada la maua na maji ya chupa. Maji mmekunywa, hamkujua. Shada liko nje ya lango, na mbuzi wa jirani wameshaanza kulishughulikia. Pikapu liko hapo barabarani, na tumeambiwa vipaza sauti vimezimwa leo kwa heshima ya marehemu. Jumanne ni siku ya soko. Mama ananunua nyanya siku ya soko.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa programu mliyoshika kuna nakala ya fomu ya kuondoa idhini. Ngigi ameichapisha ili kila mtu aone ilivyo fupi. Ile yenyewe iko juu ya sanduku, na kalamu iko kando yake. Kwa desturi mwana wa kwanza ndiye anayerusha udongo wa kwanza. Mama amesema mkono wa Ledama utashika kalamu kabla ya kushika udongo, na mchungaji amekubali kungoja. Hatuna haraka. Aliyelala hapa amesubiri mwaka mmoja na miezi saba.

Kaka, njoo. Usiweke sahihi kwanza. Isome, kwa sauti, polepole, mpaka mwisho, kama alivyosoma yeye akiwa na miaka kumi na mmoja.

Sere, kwaheri, Nailantei. Tumekuita mara ya mwisho. Ulale, na baba aachwe alale.